Mizani ya Tope

Novemba. Ukungu umelala juu ya mfereji wa Sorda
kama ng'ombe aliyegoma kuinuka.
Nimevaa buti za marehemu baba. Zinanipwaya,
nimezijaza soksi mbili na gazeti la juzi.
Natumbukia hadi mapajani.

Ukikanyaga, tope linapumua.
Nayakinga mapovu kwa faneli iliyopinduliwa,
nayavuta kwa bomba la sindano, nayafungia kichupani,
naandika kwa penseli, maana wino hulia majini:
Sorda, daraja la tatu, sentimita kumi na mbili.
Gesi haina rangi wala harufu.
Ukiiwashia kiberiti hukujibu kwa ulimi wa buluu;
hilo watoto wa bonde la Po tulilijua
kabla ya kujua kusoma.

Ermes Bonazzoli yuko ukingoni, mikono mfukoni,
ng'ombe wake mia na arobaini wanacheua nyuma yake.
"Daktari," ananiita, yeye aliyenifundisha kukamua,
"hiyo gesi ni ya nani?
Yangu, au ya Tonoli kule juu, mwenye nguruwe?"

Kaboni haivai hereni ya namba sikioni, Ermes.
Lakini ina uzito.
Wapo ndugu wawili wa tumbo moja,
mmoja kabeba nyutroni moja zaidi,
kama mtoto aliyetoka sokoni na chungwa mfukoni
asiloweza kulila wala kulitupa.
Haozi. Hageuki mwingine. Ndiyo tukamwita thabiti.
Vijidudu wa topeni ni wavivu kama sisi,
huanza na mzigo mwepesi;
na kila mpishi huacha ladha yake,
huyu apikaye kwa siki,
yule apikaye kwa hewa ukaa na haidrojeni.
Hata shambani ni hivyohivyo:
mwerebi huchagua hewa anayoila, jani lake jepesi;
hindi hula bila kuchagua sana, jani lake zito.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Siri ya tope nikaipeleka mjini kwa basi la saa nne,
vichupa thelathini na sita vikigongana mapajani,
na mama mmoja akaniuliza kama nauza manukato.

Mashine ilikoroma usiku kucha.
Hasi arobaini na tisa kwa kila elfu.
Nzito. Nikataka kusema: mahindi.
Nikajizuia, kwani wapo walaji pia,
wakaao kwenye ngozi ya tope palipo na oksijeni,
hula methani nyepesi na kutuachia makombo mazito.
Namba moja, hadithi mbili.
Nikamwita shahidi wa pili, haidrojeni,
naye ana ndugu yake mzito.
Akasema: hapa hakuna aliyekula.

Ni mahindi, basi.
Mabua yaliyolimwa hadi mdomo wa maji.

Ila kulikuwa na kile kichupa cha mwisho,
nusu mita chini. Hasi sabini na nne.
Nikapasua tope la kina hicho chini ya darubini
nikaona vipande vya majani membamba, mishipa mizima,
mierebi, iliyosimama pande zote mbili za Sorda
hadi mwaka nilipofaulu kwenda chuo
na baba akakodi msumeno.

Jumamosi nimerudi. Ermes yuko palepale.
"Haya. Yangu?"
Ya juu ni ya mahindi, namwambia, yako na ya Tonoli,
ya kila mtu hadi Cremona.
"Na ya chini?"
Natazama buti.
Ya chini ni yetu.

Anatema mate pembeni, polepole, kama anayehesabu.
"Alilia siku ile, baba yako," anasema.
"Alidai ni vumbi la mbao."
Kisha: "Kahawa ipo jikoni."

Nageuka kutoka.
Tope linalishika buti la kushoto, halitaki kuliachia.
Navuta kwa mikono yote miwili.
Linatoa povu moja kubwa,
nami faneli nimeiacha ukingoni.